Usiikate Yukata Kabla Hujaisoma

Nagoya,
20 Agosti

Somo yangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ila joto. Watu wa nyumbani wakisikia Japani wanawaza theluji. Waje Nagoya mwezi huu, waone jasho linavyomtiririka mtu aliyekaa kitako tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unataka nikukusanyie yukata kuukuu, zile nguo nyepesi za Kijapani za kiangazi, nizifunge mzigo, uzikate magauni ya sikukuu. Nimeshapata 9, zote pamba tupu, ziko sandukuni zimekunjwa. Lakini mzigo sijaupeleka posta, na sababu ni moja: nguo hizi zinasema, Somo, na sitaki mkasi wako ukate neno katikati.

Wewe umekulia kwenye duka la kanga. Unajua mteja akishika doti, hata bei hajaulizia, atasema kwanza, "Hii inasemaje?" Yukata haina jina lililoandikwa kama kanga, lakini inasomeka vilevile. Zipo hata zinazosomeka kama fumbo. Katika hizi 9 kuna moja ina mundu, duara na herufi moja ya Kijapani, vimerudiwarudiwa nguo nzima. Nilidhani ni mapambo. Kumbe mundu kwa Kijapani ni kama, duara ni wa, na ile herufi ni nu. Soma kwa pamoja: kamawanu, yaani "sijali". Zama za Edo (karne ya 17 hadi ya 19) mwigizaji mashuhuri wa kabuki, maigizo yao ya jadi, Ichikawa Danjuro wa 7, aliivaa jukwaani ikawa fasheni. Iko nyingine ya shoka, koto (ala yao ya nyuzi) na ua la kiku. Shoka huitwa yoki, basi ukisoma yoki koto kiku inatoka "nasikia habari njema". Nilipofumbuliwa mafumbo hayo nilitamani ungekuwa karibu. Mimi na wewe tungezinunua siku hiyohiyo, na tungejua tunamvalia nani.

Wala si kwamba nalinganisha vitu vilivyo mbalimbali. Katikati ya karne iliyopita viwanda vya Japani vilikuwa vikichapa kanga na kuzisafirisha Afrika Mashariki. Bibi zetu walijifunga nguo zilizotoka huku, zikiwa na maneno yetu.

Na asili ya yukata ni bafuni. Enzi za Heian, zaidi ya miaka 800 iliyopita, wakubwa waliingia kwenye mvuke wamevaa yukatabira, vazi jepesi lisilo na bitana. Yu ni maji ya moto. Baadaye pamba ilipoenea na bafu za umma zikajaa mijini, ikawa nguo ya kila mtu. Ni kanga ya kuogea iliyopanda cheo hadi ikafika sherehe.

Mimi mwenyewe niliikosea heshima kabla sijajua. Kiangazi cha mwaka jana bibi jirani alinialika tukatazame fataki. Nikavaa, nikafunga mshipi, nikatoka na mitalawanda yangu miguuni. Bibi aliponiona alisimama, akanitazama kifuani, akanirudisha ndani bila neno. Akafungua mshipi, akashika pande mbili za nguo, akaulaza wa kushoto juu ya wa kulia, akafunga upya, akapapasa kola mpaka ikatulia. Njiani ndipo aliponiambia kwa upole kwamba kulia juu ya kushoto huvalishwa maiti. Mwili ulinisisimka. Nilikuwa nimetoka chumbani nimevaa sanda.

Kwa hiyo gauni lolote la kupishanisha kifuani utakaloshona kwa vitambaa hivi, upande wa kushoto wa mvaaji uwe juu. Mteja wako wa Tanga huenda asijue. Wewe utajua.

Nakshi zilizomo mzigoni ni hizi. Ile ya nyota zenye ncha sita ni asanoha, majani ya asa, mmea wa ukoo mmoja na bangi ambao waliulima kwa ajili ya nyuzi. Hukua haraka tena wima, ndiyo maana nguo za watoto wachanga zilishonwa kwa nakshi hiyo. Ya kerengende ilipendwa na wapiganaji, kwa kuwa kerengende, wanasema, huenda mbele wala harudi nyuma. Ya manyoya ya mishale, yagasuri, alipewa bibi harusi: mshale ukishatoka haurudi. Iweke kando ya kisutu, utaona ni ndugu. Ile ya miraba kama ubao wa drafti ni ichimatsu, imechukua jina la mwigizaji wa karne ya 18, na ndiyo iliyofanywa nembo ya Olimpiki ya Tokyo 2020.

Ninayoipenda kuliko zote haina fumbo: mawimbi madogo na samaki wekundu wanaoelea. Huvaliwa wakati wa joto ili anayekutazama apate ubaridi. Fikiria, Somo, mtu anachagua nguo kwa ajili ya macho ya mpita njia anayetokwa jasho. Nakshi hii moja tu ingenitosha kuipenda nchi hii.

Mwezi uliopita nilipanda treni hadi Arimatsu, humuhumu Nagoya. Kwa miaka 400 na zaidi wanafunga vitambaa kwa uzi na kuvitia rangi. Zamani waliwauzia wasafiri wa Tokaido, barabara ya kutoka Edo (Tokyo ya leo) kwenda Kyoto. Nilikaa karibu na mama mmoja akiwa kazini. Anabana kitambaa kwa ncha za vidole, kidogo kama punje ya mtama, anakizungushia uzi, anakaza, anahamia punje inayofuata. Nilimtazama kwa dakika 10, na hakuwa amemaliza nafasi ya kiganja changu. Jora moja ni mita 12 hivi. Likishatoka kwenye nili, nyuzi hung'olewa kwa kuvuta, tap, tap, tap, na kila palipofungwa panabaki nukta nyeupe iliyoinuka. Nilipitisha kidole, hakuna mbili zilizofanana.

Hapo ndipo mkono wangu ulipokataa kufunga mzigo wako. Yukata hushonwa kutoka jora la upana wa sentimita 36 hivi, mikato yote imenyooka, karibu hakuna kinachotupwa. Ukifumua mishono unapata vipande virefu vizima. Zamani ikichakaa ilikuwa nguo ya kulalia, ikawa nepi, ikaishia tambara la kupigia deki, sawasawa na kanga za mama zetu. Basi nakuomba fumua, usikate. Shona dera, au koti refu la wazi mbele. Dera halidai kiuno wala mapindo ya mkasi, na upana wa vipande utakuongoza.

Mambo mapya siyakatai. Wasichana wa huku wanavaa za poliesta zenye lesi kolani na mshipi ulioshonwa tayari, na wanapendeza, ingawa mimi poliesta katika joto hili siiwezi. Ukitaka kujua ipi imechapwa kwa mashine, pindua nguo. Rangi ya mkono ya chusen humiminwa kwenye tabaka za kitambaa ikapenya chini, pande zote mbili zikawa sawa. Nyingi za mashine ziko hafifu nyuma. Tena ukitaka mfano wa mtu aliyefanya jambo jipya vizuri, mtazame Hiroyuki Murase, mtoto wa familia ya wafungaji wa Arimatsu. Mwaka 2008 alianzisha kampuni ya suzusan mjini Düsseldorf, Ujerumani, akatia kazi ya vidole vile kwenye skafu za sufu laini na hata vifuniko vya taa. Kazi imebaki Arimatsu, mikononi mwa wanaoijua. Ndivyo ningependa nasi tufanye.

Nakutumia 8. Ya mishale usiiuze, mpe mwanao siku yake ikifika. Ya 9, ya kamawanu, nimeibakiza. Badala yake nitumie doti moja. Bibi jirani aliona kanga yangu kwenye kamba, akaniuliza imeandikwa nini, nami nilipomtafsiria alikaa chini akataka nimtafsirie na nyingine zote. Mchagulie jina la kumfaa mtu wa miaka 80 anayewarekebisha watu nguo bila kuwaaibisha. Wewe ndiye unayejua majina.

Wasalimie wote nyumbani.

Somo yako