Ushauri wa tumbo nao uwe na dozi

Mhariri,

Mtu ambaye tumbo limemsumbua miaka nenda miaka rudi, leo gesi, kesho kiungulia, keshokutwa choo kigumu, kwa kawaida hutoka kwa daktari akiwa na karatasi ya dawa na ushauri wa mdomo kwamba ale vizuri na apunguze mawazo. Dawa imeandikiwa idadi ya vidonge, saa za kumeza na siku za kutumia, ilhali ushauri haukuandikiwa lolote, na ndiyo maana hufuatwa siku mbili tatu kisha ukasahaulika. Naomba nafasi gazetini kwako nieleze kwamba njia za kutuliza tumbo bila dawa zimefanyiwa utafiti, zina dozi na muda wake, na mgonjwa anastahili kuelezwa kwa ukamilifu ule ule anaoelezwa kuhusu vidonge.

Tuchukue kiungulia cha usiku. Kumwambia mtu asilale akiwa ameshiba hakutoshi. Aambiwe kwamba mlo wa mwisho utangulie usingizi kwa muda wa saa 2 hadi 3, na kwamba miguu ya kitanda ya upande wa kichwani iinuliwe kwa sentimita 15 hadi 20 kwa vipande imara vya mbao. Wengi hurundika mito wakidhani ni sawa, lakini mito huukunja mwili kiunoni na kulibana tumbo, wakati kitanda kilichoinuliwa huuweka mwili wote katika mteremko mmoja. Aelezwe pia alalie ubavu wa kushoto, kwa sababu katika mlalo huo tumbo hukaa chini kuliko mahali linapoungana na umio, na asidi haipandi kwa urahisi. Mwenye uzito uliozidi akiupunguza, kiungulia nacho mara nyingi hupungua.

Kwa choo kigumu, watu huhimizwa kula nyuzinyuzi bila kuelezwa ni zipi. Pumba za ngano huweza kumzidishia gesi na maumivu mtu mwenye utumbo mwepesi kukasirika, ilhali nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini, kama zile za shayiri na za maganda ya mbegu za mmea wa isabgoli (psyllium), huvumilika zaidi, mradi ziongezwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa pamoja na maji ya kutosha. Anayetumia choo cha kukaa aweke kigoda miguuni ili magoti yawe juu kuliko nyonga, kwani msuli unaoukunja mwisho wa utumbo hulegea zaidi mtu anapokaa kama aliyechuchumaa. Na ajipe nafasi ya kwenda chooni baada ya kifungua kinywa, wakati ambapo chakula kilichoingia tumboni huuamsha utumbo mpana.

Kuhusu mlo nina wasiwasi mkubwa zaidi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, nchini Australia, walieleza mlo unaopunguza sukari za aina fulani, maarufu kwa kifupi cha FODMAP, zilizomo katika vitunguu, ngano, maharage, maziwa na baadhi ya matunda. Sukari hizo hazifyonzwi vizuri, huvuta maji ndani ya utumbo, kisha bakteria huzichachua na kutoa gesi. Mlo huu umewasaidia wengi, lakini una hatua 3, na watu wengi husikia ya kwanza tu. Vyakula hivyo huondolewa kwa wiki 2 hadi 6, kisha hurudishwa kundi moja baada ya jingine huku mgonjwa akiandika alichokula na alivyojisikia, na mwishoni hubaki akiepuka kile tu kilichomdhuru. Anayeishia hatua ya kwanza hujinyima chakula chenye lishe miaka mingi bila sababu, ndiyo maana ni vizuri asimamiwe na mtaalamu wa lishe.

Hata yale maneno ya kupunguza mawazo yana ukweli, ila yamesemwa vibaya hadi mgonjwa anahisi anaambiwa kwamba anajitakia. Ukuta wa njia ya chakula una seli za neva zaidi ya milioni 100, na neva kuu huziunganisha na ubongo. Daktari William Beaumont wa Marekani, aliyemchunguza kwa miaka kadhaa Alexis St. Martin, kijana aliyebaki na tundu tumboni baada ya kupigwa risasi mwaka 1822, aliona kwa macho kwamba hasira huvuruga usagaji wa chakula. Mwaka 1984 daktari Peter Whorwell na wenzake wa Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba hipnosia, yaani tiba ya kumwongoza mtu kwa maneno hadi atulie sana na kuzama katika fikra, ikielekezwa tumboni iliwapa nafuu wagonjwa ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Mahali ambapo hakuna mtaalamu wa tiba hiyo, mgonjwa anaweza kufundishwa kupumua polepole, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, wa tumboni ndio unaoinuka. Mazoezi nayo yana dozi: utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2011 ulitumia dakika 20 hadi 60, siku 3 hadi 5 kwa wiki, kwa wiki 12, na walioufuata walipata nafuu.

Sisemi dawa ziachwe. Vidonda vya tumbo vinavyosababishwa na bakteria waliogunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren, ugunduzi uliowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, haviponi kwa kigoda wala kwa mazoezi. Vinahitaji antibiotiki zimalizwe zote. Vivyo hivyo, anayepungua uzito bila kujua sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi au chenye damu, anayekwama chakula kooni, mwenye upungufu wa damu, au aliyeanza kuugua tumbo ukubwani ghafla, afanyiwe vipimo hospitalini kabla ya kujaribu lolote kati ya niliyoyataja.

Msomaji wako