Wanafunzi wa afya wapewe nywila za majarida, na maktaba iwe wazi jioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo nimekaa nalo moyoni muda mrefu. Mimi ni mkutubi. Kazi hii niliisomea Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi cha SLADS, na huu ni mwaka wa 19 nahudumu katika maktaba ya chuo cha kati cha afya huku nyanda za juu kusini. Jina la chuo sitalitaja, maana nikikutana na wakutubi wenzangu wa vyuo vingine tunaelezana yale yale.

Mwezi Machi, zikiwa zimebaki dakika 10 nifunge, aliingia binti wa mwaka wa 3 wa uuguzi. Sare bado mwilini, viatu vyeupe vimeshika vumbi jekundu, katoka wodi ya watoto moja kwa moja. Mkononi alikuwa na desa. Kwa wasiolijua neno hilo, desa ni zile karatasi za somo zinazotolewa kopi mwaka hadi mwaka, kopi ya kopi, mpaka herufi zinafifia. Desa lake lilisema mtoto mwenye malaria kali atundikiwe dripu ya kwinini. Wodini asubuhi ile alikuwa ameona mtoto anachomwa sindano ya artesuneti, dawa nyingine ya malaria. Alipouliza aliambiwa akasome. Basi akaja kusoma.

Nikampeleka kwenye rafu ya 616.9, kwenye magonjwa ya kuambukiza. Kitabu cha magonjwa ya ukanda wa joto tulichonacho ni kimoja, kilichapwa miaka ya 1990. Nacho kinasema kwinini. Tena sura ya malaria haikuwa nzima. Kurasa 4 za mwisho zilishakatwa kwa wembe zamani, na vipande vilivyobaki kwenye uti wa kitabu vimegeuka njano. Binti akapitisha kidole pale palipokatwa, akaniangalia. Sikuwa na la kumwambia.

Tukaenda kwenye kompyuta. Tunazo 10, zinazowaka ni 4. Nikamfungulia PubMed, ambayo ni hazina ya makala za tiba inayosimamiwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Yeye akaanza kuandika swali zima, kama mtu anayemwuliza mwenzake. Nikamwomba afute, aandike maneno 3 tu: malaria kali, watoto, artesuneti, yote kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya makala nyingi zilizomo. Halafu nikamwonyesha pale pembeni pa kubofya ili zibaki makala zinazosomeka bure. Haikuchukua muda. Ukatokea utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet: watoto 5,425 wenye malaria kali, vituo 11, nchi 9 za Afrika. Waliopewa artesuneti walikuwa 2,712, wakafariki 230. Waliopewa kwinini walikuwa 2,713, wakafariki 297. Mwaka uliofuata, 2011, Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba hata kwa watoto sindano ya artesuneti ndiyo itangulie.

Alipofika kwenye orodha ya vituo alisimama. Muheza na Korogwe, mkoani Tanga. Akasema, "Madam, kumbe wamefanyia hapa hapa kwetu?"

Ndiyo, mwanangu, hapa hapa kwetu. Wazazi wa Kitanzania waliwaruhusu watoto wao waingie kwenye utafiti ule, baadhi yao wakawazika, na kilichopatikana kimewekwa wazi kwa yeyote mwenye intaneti, bila hata senti. Lakini binti wa Kitanzania anayesomea kuwauguza watoto hao hao alikuwa na desa la kwinini mkononi, na kitabu kilichochanwa mbele yake. Ndugu Mhariri, hilo ndilo linaloniumiza, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Tulikuwa tumeanza kufungua mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya, ambao nao unapatikana bure, nilipomsikia mlinzi anagonga kufuli kwenye nondo za mlango. Saa 9:42 alasiri. Maktaba yetu inafungwa saa 9:30, sawa na ofisi nyingine zote za chuo. Wanafunzi wanatoka darasani saa 9:30. Walioko wodini, wengi wao wanatoka saa 9:30 au baadaye. Mwanafunzi anapokuwa na nafasi ya kusoma, mimi niko kwenye daladala narudi nyumbani, na kompyuta 4 zinazowaka zimefunikwa vitambaa.

Sasa niseme kuhusu nywila. Mwaka 2002, baada ya Shirika la Afya Duniani kuelewana na wachapishaji wakubwa wa majarida ya tiba, ulianzishwa mpango unaoitwa Hinari. Chuo, hospitali au maktaba isiyofanya biashara katika nchi yenye kipato kidogo inajisajili, na watu wake wanasoma majarida ambayo wengine hulipia dola 30 na zaidi kwa makala moja. Tanzania iko kwenye kundi lisilolipa chochote. Wenzetu wa kilimo wana AGORA tangu 2003, wa mazingira wana OARE tangu 2006, wa teknolojia wana ARDI, wa sheria wana GOALI. Zote 5 ziko chini ya mwavuli mmoja wa Research4Life.

Chuo chetu kilisajiliwa. Nywila ilikuja kwa baruapepe, ikachapwa kwenye karatasi, karatasi ikafungiwa kwenye droo ya ofisi moja ili "isije ikasambaa". Ilikaa mle miaka 4. Wakufunzi wengi hawakujua kama ipo, wanafunzi ndio kabisa. Ni kweli masharti yanakataza kuwapa watu wa nje, na sharti hilo lazima liheshimiwe. Lakini mwanafunzi wa chuo si mtu wa nje. Ndiye hasa aliyekusudiwa. Mimi nami nina lawama yangu, maana nilijua chuo kimesajiliwa na sikuidai nywila hiyo kwa nguvu mpaka mwaka wa 4. Nilipoipata, nilianza kuwaingiza wanafunzi mmoja mmoja kwenye kompyuta za maktaba, na mpaka leo sijasikia imetumika vibaya.

Watu huniambia, "Mama, vijana wa siku hizi wana simu, maktaba ya nini?" Simu wanazo, kweli. Nyingi zina kioo kilichopasuka na bando la kuishia jioni. Kijana aliyebakiwa na MB 150 hawezi kupakua mwongozo wenye kurasa mamia. Atauliza kwenye kundi la WhatsApp, atatumiwa picha ya ukurasa wa desa, mambo yanaishia hapo. Wengine wanakwenda steshenari iliyo nje ya geti. Pale ripoti ya fildi inaandikwa na kijana wa steshenari, mwanafunzi anaweka jina lake juu. Nimemwona kwa macho yangu mmoja akilipa shilingi 20,000 kwa ripoti ya namna hiyo, kuhusu huduma ya wajawazito kwenye zahanati ambayo aliyeiandika hajawahi kuikanyaga. Huyo mwanafunzi baada ya miezi 8 atakuwa anawapokea wajawazito.

Na sasa imekuja akili mnemba. Siipingi, nimeitumia mwenyewe kujifunza mambo. Ila mwezi Mei mkufunzi mmoja aliniletea projekti ya mwanafunzi, akaniomba nimsaidie kuhakiki rejea. Zilikuwa 11. Nilizitafuta moja moja, kwa jina la makala, kwa jina la mwandishi, kwa jarida na toleo lake, kazi ya karibu siku nzima. Nilizipata 4. Zile 7 hazipo popote duniani: majina ya waandishi yanafanana na ya watu, majarida ni ya kweli, lakini ukifungua ukurasa uliotajwa unakuta makala nyingine kabisa. Kijana alipoitwa hakubisha. Alisema alidhani programu ile imezitoa mahali. Hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kuhakiki. Nilikaa naye saa 2, nikamwekea na Zotero, programu ya bure inayohifadhi makala unazozisoma na kukupangia rejea. Aliirudia kazi yake. Safari hii rejea zilikuwa 9, na zote alikuwa amezifungua kwa mkono wake.

Kwa wakutubi wenzangu walioko kwenye vyuo ambako mtandao unakatika kila mara kama kwetu, nieleze kitu kimoja kilichotusaidia sana. Kuna programu ya bure inaitwa Kiwix, ya kusomea Wikipedia bila mtandao. Unapakua mara moja tu mahali penye mtandao mzuri, unaweka kwenye diski, unabeba. Wikipedia yote ya Kiingereza pamoja na picha zake ni kama gigabaiti 100. Ya Kiswahili ni ndogo sana ukilinganisha. Na ipo sehemu ya mambo ya tiba peke yake, ambayo hata simu inaimudu. Mimi nilichukua kompyuta moja kuukuu iliyokuwa inasubiri kuandikwa kwenye vifaa chakavu, fundi wa chuo akaisafisha, tukaunganisha na rauta iliyokuwa imelala stoo. Sasa mwanafunzi akikaa ndani ya maktaba, au kwenye ule mwembe ulio dirishani, anaunganisha simu yake na kusoma bila kutumia hata MB moja. Wikipedia si mahali pa kunukuu kwenye projekti, nawaambia kila siku. Ila kwa mtu anayetaka kuelewa figo inavyofanya kazi kabla hajaenda kwenye kitabu, inamtosha. Jioni, maktaba ikishafungwa, nasahau makusudi kuizima ile rauta. Nimeambiwa na mlinzi kwamba huwa wanakaa pale chini ya mwembe mpaka saa 4 usiku, wamejifunika mashuka ya bweni kwa baridi ya huku, mwanga wa simu usoni.

Hao wanakaa nje, Ndugu Mhariri, mwezi Juni, huku kwetu kwenye baridi, wakati ndani kuna viti 60.

Ninachokiomba kwa wakuu wa vyuo vya afya, na kwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo kama vyetu, wanaokuja kutukagua, si majengo. Nimeiona maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyofunguliwa 2018, ni nzuri mno, lakini sisi hatuhitaji ukubwa ule. Tunahitaji maktaba ikae wazi mpaka saa 3 usiku siku za kazi, na nusu siku Jumamosi. Tunahitaji chuo kisichosajiliwa Hinari kisajiliwe, na kilichosajiliwa kitoe nywila kwa wanafunzi wake. Tunahitaji kwenye ratiba, muhula wa kwanza, vipindi visivyopungua 6 vya kutafuta na kuhakiki taarifa, vifundishwe kwa vitendo mbele ya kompyuta, na mkutubi awemo. Wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo napewa dakika 15 kusimama ukumbini mbele ya wanafunzi 200 na kusema "karibuni maktaba". Katika dakika 15 mtu hawezi kufundisha lolote. Na wakaguzi wakija, pamoja na kuhesabu vitabu kwenye rafu, naomba watazame vimechapwa mwaka gani, kisha wamwite mwanafunzi mmoja yeyote, wamkalishe kwenye kompyuta, wamwambie: tutafutie mwongozo wa sasa wa matibabu ya malaria kali. Waangalie itakuwaje.

Najua nitaulizwa kuhusu fedha ya kumlipa mtu wa zamu ya jioni. Chuo chetu kina wanafunzi wanaohangaika na ada, ambao wangefurahi kukaa kaunta kwa saa kadhaa kila jioni wakapunguziwa kiasi fulani. Mimi mwenyewe niko tayari kuwafundisha, na niko tayari kuchukua zamu 2 kwa wiki bila posho mpaka mwaka wa fedha ujao. Hilo nimeshaliandika kwa barua rasmi, nikaipeleka kwa mkono, nikasainiwa kwenye kitabu cha barua. Nasubiri majibu.

Yule binti wa mwezi Machi alirudi kesho yake saa 7 mchana, muda wa chakula, hajala. Alikuwa na desa lake. Pale palipoandikwa kwinini alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu, pembeni ameandika artesuneti, na chini yake jina la jarida na mwaka. Alitaka nimsaidie kutafuta kuhusu degedege.

Mkutubi,
Njombe