Zawadi, nakuhitaji Dar

Kwa shoga yangu Zawadi,

Salaam sana. Hujambo, watoto hawajambo, na mguu wa mama unaendeleaje? Huku sote wazima, tunashukuru, joto tu na maji kukatika. Ama baada ya salamu, nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako kila nikipiga haipatikani, na Pili kaniambia ile laini ulishaitupa. Side anapanda basi la Korogwe alfajiri, kaapa atakufikishia mkononi. Unamjua Side, usimkaribishe chakula, hataondoka.

Shoga, wale wa kiwandani nimewapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii CMA inayosikiliza kesi za kazi.

Habari za kuondolewa kwangu utakuwa umezipata kwa Mama Swaumu, na Mama Swaumu hasimulii bila kutia chumvi, kwa hiyo sahau ile ya polisi. Hakukuwa na polisi. Nilifika getini zamu ya asubuhi kama siku zote, mlinzi ameshika karatasi, anapitisha kidole juu mpaka chini, jina langu halipo. Nikamwambia tazama vizuri, mimi wa pakingi ya bidhaa, laini ya pili. Akasema, "Dada, mimi naletewa orodha tu." Basi, ikawa imekwisha. Barua hakuna, kikao hakuna, wala hakutoka mtu kuniambia nimekosa nini. Nimesimama pale na ovaroli lao mwilini, nembo yao kifuani, watu wananipita wanaingia na hakuna anayenitazama usoni. Hata Hadija. Simlaumu, ana watoto wanne.

Tuliokatwa siku ile hatukuwa mmoja wala wawili. Wenzangu wamesema wanamwachia Mungu. Na mimi nitamwachia, lakini kwanza apite CMA.

Aliyenishtua ni kaka wa stoo. Kanipigia usiku, sauti ya chini kama anaiba, akasema wewe Halima usikae unalia hapo, mtu akiachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua shauri. Madai mengine, ya likizo na mishahara, ni siku 60. Ukichelewa huanzi na kesi, unaanza kuomba ruhusa ya kuchelewa, unaeleza sababu kwa kiapo, na wanaweza kukukatalia kabla hawajasikia hata neno moja la kilichokutoa kazini. Watu wangapi tunaowafahamu wamepotelea hapo, Zawadi? Unamkumbuka baba Neema, alikaa miezi mingapi akisubiri "wamalize hasira wamwite"?

Nje ya ofisi za Tume nikakutana na kishoka. Tai, mkoba, harufu ya marashi mpaka barabarani. Anataka laki mbili anijazie fomu. Fomu namba moja, ambayo unapewa bure na kuifungulia shauri hulipi kitu! Nikamwambia ngoja nikachukue hela kwenye gari. Gari langu mimi! Nikaenda zangu kwenye ofisi moja ya msaada wa kisheria, nikamkuta dada mpole, akanisikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa. Akaniambia Tume si lazima uende na wakili. Unaweza kusimama mwenyewe, au na mtu wa chama cha wafanyakazi, au na mwakilishi unayemchagua. Nilipomwambia sisi tuliambiwa vibarua hatuhusiki na chama, alicheka, tena si kicheko cha furaha.

Usuluhishi umeshapita na haukuzaa kitu. Waliweka kiasi mezani. Sikutajii, maana tumeambiwa yanayosemwa kwenye usuluhishi yanabaki humo humo, lakini Rehema wangu asingemaliza nacho hata muhula mmoja. Nikakataa. Mikono inatetemeka, nimeificha chini ya meza, lakini nimekataa. Sasa tunakwenda kwenye uamuzi, mbele ya mwamuzi, na huko ni mashahidi na viapo.

Kwenye maelezo yao wameandika kwamba mimi si mfanyakazi wao. Eti kibarua wa kuja na kuondoka, anakuja akijisikia. Akijisikia! Mimi niliyekesha laini ya pili na homa, na wewe ndiye uliyenipa panadol. NSSF nilikwenda kuangalia, hakuna hata senti waliyonipelekea. Kwa makaratasi yao mimi sijawahi kuzaliwa.

Yule dada akanifungulia Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, akanisomea polepole. Ukiwa umemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho, unahesabiwa mfanyakazi mpaka yeye athibitishe vingine. Au kama saa zako anazipanga yeye. Au kama vitendea kazi anakupa yeye. Yaani hata kimoja tu kinatosha kuanzia. Saa 45 kwa mwezi, Zawadi! Sisi tulikuwa tunazimaliza kabla ya Ijumaa. Na nikishakuwa mfanyakazi, mzigo unahamia kwao: wao ndio watakaotakiwa kuonyesha kwamba waliniachisha kwa sababu ya haki na kwa utaratibu. Sababu gani? Utaratibu gani, kidole cha mlinzi?

Lakini hizo saa lazima zionekane mahali. Mimi nina ovaroli, nina kitambulisho kile cha plastiki ambacho picha imefutika nimebaki kama mzuka, na nina taarifa ya M-Pesa. Hiyo ya M-Pesa ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu unajua tulivyokuwa tunalipwa: hela inatoka kwenye namba ya supavaiza, jina lake, si la kampuni. Wakili wao atasema huyo alikuwa ananitumia hela zake binafsi. Sijui ataniita nani yake. Mume wangu atakuwa amekaa pale pale.

Ndipo unapoingia wewe.

Wewe ndiye uliyekuwa taimkipa. Yale makaunta buku, kwaya tatu, jalada la bluu, ni mkono wako. Kalamu nyeusi kwa waliofika, nyekundu kwa wasiofika, na Jumamosi jioni unajumlisha pembeni, unayapeleka juu ndipo supavaiza anapewa hela za kutugawia. Uliona kwa macho yako zinakotoka. Jina langu liko chini ya Hadija ukurasa baada ya ukurasa, miaka yote uliyokaa. Sitaki uongeze kitu. Sitaki useme nilikuwa mchapakazi wala nilionewa. Nataka uape, useme ulikuwa unaandika nini na kwa amri ya nani, basi.

Najua unachowaza. Rama.

Nimewaza hilo usiku mzima kabla ya kushika kalamu. Rama wako bado yuko mle kiwandani, tena bado wanamlipa kwa siku, na wale watu kuunganisha majina wanajua. Siwezi kukuambia hawatamfanya kitu. Nilimuuliza yule dada, akasema Tume inaweza kumwita shahidi kwa wito, kwa hiyo kama unataka isionekane umejipeleka mwenyewe tunaweza kuomba uandikiwe. Hilo linasaidia kwa watu. Kwa kampuni sijui kama linasaidia, na sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Zungumza na Rama kwanza. Akikataa... basi, andika tu kwamba amekataa, nitaelewa. Nitanuna kidogo, halafu nitaelewa.

Na ile arobaini ya baba yako mdogo, najua hukupenda nilivyokosa. Pili kanieleza ulivyosema. Siku ile ile nilikuwa nimeitwa kwenye usuluhishi, na mlalamikaji asipotokea shauri linaweza kufutwa hivi hivi, wao wakaenda zao kunywa soda. Sikuwa na namba yako mpya nikueleze. Nifikishie pole yangu kwa mama mdogo, rambirambi yangu iko ndani ya bahasha hii, ihesabu mbele ya Side.

Unaweza kuuliza nikishinda nitapata nini. Notisi wanayodaiwa, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 na kwa wa siku ni siku nne tu, kwa hiyo wataling'ang'ania hilo neno kibarua mpaka pumzi ya mwisho. Likizo ambazo sijawahi kuzionja. Kiinua mgongo, siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Na fidia, mwamuzi akiona niliondolewa isivyo halali. Mimi nimemwambia yule dada asisahau cheti cha utumishi, maana hiki kiwanda cha pili nilikokwenda kuomba waliniuliza miaka yote hiyo ulikuwa wapi, nikakosa la kuwaonyesha.

Tunasikilizwa tarehe 14 mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Nauli ya kuja na kurudi ni juu yangu, utalala kwangu, Rehema atalala na bibi yake. Na kesi ikichukua siku ya pili, maana huwa zinaahirishwa hizi, je, utaweza kukaa? Ulipoacha kazi uliyarudisha makaunta buku yote, au lile la mwisho ulibaki nalo? Si uliwahi kupiga picha kurasa fulani wakati ule wa ugomvi wa malipo ya Idi, bado unazo kwenye ile simu ya zamani? Nani alishika daftari baada yako, ni Mwanaidi au yule mpwa wa bosi? Unakumbuka mimi nilianza kabla ya mvua kubwa zile zilizofurika Jangwani au baada? Mimi nasema kabla, Hadija anasema baada. Na Hadija mwenyewe unadhani nimfuate, au nimwache na wanawe?

Side anarudi Jumapili. Mpe jibu la maandishi, la mdomo atakuwa ameshalisahau Chalinze.

Wako,
Halima