Asilimia ya shaba haitoshi kujengea lundo

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu iliyowashauri wachimbaji wadogo wa shaba waache kuuza mawe ghafi, na badala yake wayaponde, wayalundike juu ya plastiki na kuyanyeshea asidi ya salfa iliyozimuliwa hadi shaba itoke. Ushauri wenyewe si mbaya, kwa kuwa mawe ya kijani, yaani malakaiti na jamaa zake, ndiyo hasa yanayokubali njia hiyo. Kinachonisumbua ni kwamba makala ilitaja asilimia ya shaba tangu mwanzo hadi mwisho, lakini haikuuliza hata mara moja shaba hiyo imekaa ndani ya mwamba gani.

Nilifanya kazi ya maabara katika mgodi mmoja wa Katanga, ambako sehemu kubwa ya shaba imekaa ndani ya dolomaiti, mwamba wa jamii ya chokaa. Kazi yetu ya kila siku ilikuwa kutia unga wa mawe katika chupa yenye asidi nyepesi, kuizungusha chupa hiyo kwa saa 24, na kuandika ni asidi kiasi gani tumelazimika kuongeza ili ukali wake usishuke. Nakumbuka sampuli mbili zilizoletwa pamoja, zote kijani kibichi na zote zikiwa na shaba kiasi kimoja, ambazo kwa macho usingezitofautisha. Ya kwanza ilitulia mapema. Ya pili iliendelea kutoa povu, nasi tukaendelea kuinywesha, hata mwenzangu akauliza kwa mzaha kama chupa ilikuwa imetoboka.

Hesabu yake ni rahisi. Tani moja ya mawe yenye shaba asilimia 2 ina kilo 20 za shaba, na kuziyeyusha kunahitaji asidi ya kilo 31 hivi. Mawe hayo yakiwa na chokaa asilimia 10, chokaa hiyo peke yake itakula kilo 100 nyingine, kwa sababu kilo moja ya chokaa humaliza karibu kilo moja ya asidi. Aidha, asidi iliyoliwa na chokaa hairudi. Hugeuka jasi, na jasi huziba vinjia vya maji ndani ya lundo, hivyo mawe ya chini hubaki makavu huku mwenye lundo akiona madimbwi juu.

Asidi inayokwenda kwenye shaba ina habari tofauti, nayo inategemea mtambo. Katika njia iliyoanza kutumika kibiashara mwaka 1968 katika mgodi wa Bluebird, Arizona, nchini Marekani, kimiminika kinachotoka chini ya lundo huchanganywa na kemikali iliyoyeyushwa katika mafuta ya taa, ambayo huidaka shaba na kuyaacha madini mengine. Kisha shaba hutolewa kwa umeme ikiwa safi kabisa, na asidi iliyoiyeyusha huzaliwa upya na kurudishwa kazini. Mchimbaji mdogo hana mtambo huo. Yeye hutumbukiza vyuma chakavu, na kweli inapendeza kuona msumari ukitoka umevaa shaba nyekundu, lakini chuma ndicho kinachobaki na asidi yake, na unga wa shaba anaoupata huwa na uchafu mwingi.

Wala kudondosha maji ya betri juu ya jiwe hakumsaidii mtu kujua mwamba wake, ingawa nimeona wengi wakifanya hivyo na kushangilia povu. Malakaiti hutoa povu, na chokaa nayo hutoa povu.

Sisi wa Tunduma tunaona kila siku malori yakipandisha salfa ya njano kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Tani moja ya salfa hutoa takriban tani tatu za asidi, na migodi mikubwa hujenga viwanda vya kuitengeneza papo hapo. Mchimbaji anayenunua kwa madumu hawezi kushindana na gharama hizo akiwa na mwamba mlafi.

Kuhusu plastiki ya chini, niseme tu kwamba huwekwa kwa ajili ya mito na visima vya majirani, si kuokoa shaba peke yake. Tarehe 18 Februari 2025 bwawa la topesumu, yaani mabaki ya mgodi, lilipasuka Chambishi, Zambia, na maji yenye asidi yakafika hadi mto Kafue, mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Lile halikuwa lundo, lakini asidi ni ileile.

Kwa hiyo naomba gazeti lenu, litakaporudi kwenye habari hii, liwaeleze wachimbaji kwamba wanapopeleka sampuli maabara waombe vipimo viwili: kiasi cha shaba, na kilo za asidi zinazoliwa na kila tani ya mawe. Cha pili ndicho wanachopaswa kukisoma kwanza.

Fundi mstaafu wa maabara ya madini,
Tunduma