Vinega haitaokoa maharagwe yetu

Mhariri,

Naandika kutoka Njoro, na naomba muichapishe hii barua hata mkiikata kidogo. Kwa grupu zetu za WhatsApp za wakulima kuna ushauri unazunguka sana siku hizi, eti ukiona ukungu kwa maharagwe nyunyiza vinega, wengine wanasema hapana, tumia magadi ya kupunguza uchachu, na wote wanadai unabadilisha asidi ya mmea ndio kuvu ishindwe kuishi. Msimu uliopita nilijaribu vinega. Majani yakaungua kingo zote na ukungu ukaendelea tu.

Ukungu ninaoongelea ni ule mweupe kama pamba unaoshika shina wakati wa mvua na baridi, ukipasua shina unapata vitu vyeusi kama mavi ya panya. Ni kuvu inaitwa Sclerotinia. Na kumbe silaha yake kubwa ni asidi yenyewe! Inatoa asidi ya oksaliki, ile ile inayofanya meno yakwaruze ukila spinachi, inaimwaga kati ya seli na seli, asidi hiyo inanyakua kalisiamu inayoshikanisha kuta za seli, halafu vimeng'enya vyake vya kuozesha ukuta vinachapa kazi vizuri zaidi mahali pakiwa pachachu. Sasa wewe unaongezea vinega juu, unasaidia nani?

Tena seli ya mmea si debe la maji useme utalikoroga upendavyo. Majimaji yake ya ndani yako karibu pH 7.2 hadi 7.5 (pH ni kipimo cha uchachu, 7 ni katikati na chini yake ni chachu), kile kifuko kikubwa cha kuweka akiba kiko kama 5.5, na nje kwenye ukuta pia pana uchachu. Tofauti hiyo mmea unaishikilia wenyewe kwa pampu ndogo ndogo zinazosukuma asidi nje mchana na usiku, na pampu hizo zinakula nguvu. Mimea mingi ikigundua kuvu imeingia, ndani ya seli panachachuka kidogo na nje uchachu unapungua, na hayo mabadiliko ni kama kengele, seli inaanza kutengeneza kemikali za kujikinga. Mmea wenye njaa au uliozama kwenye maji utapata wapi nguvu ya hiyo kazi yote?

Na wale wa magadi pia wasifurahi. Fusarium, ile inayonyausha nyanya, inafanya kinyume, inapunguza uchachu karibu na mzizi ndio iingie vizuri, wanasayansi walionyesha hivyo mwaka wa 2016. Kwa hivyo mtu akikwambia asidi ni mbaya siku zote ama ni nzuri siku zote, muulize kwanza ni kuvu gani.

Kitu kilichonishika zaidi ni kwamba ngano na shayiri zina kimeng'enya cha kuvunja hiyo asidi ya oksaliki. Marekani walichukua jeni hiyo kutoka ngano wakaiweka kwa mti wa chestnut, mti uliokuwa umemalizwa na kuvu nyingine inayotumia asidi hiyo hiyo. Ngano, jamani, na sisi hapa Njoro tunaiona kila siku! Sclerotinia haishambulii ngano wala mahindi. Lakini wengi wetu tunapanda maharagwe, tukivuna tunaweka waru, halafu kabeji, halafu maharagwe tena, na yote hayo ni chakula chake, na vile vitu vyeusi vinakaa kwa udongo miaka.

Mambo ya chokaa ni mengine kabisa, hiyo ni ya kupunguza asidi ya udongo, na upime udongo kwanza kabla ya kumwaga.

Ombi langu ni moja. Kurasa zenu za kilimo zinasomwa mpaka kwa kinyozi, tafadhali tafuteni mtaalamu wa magonjwa ya mimea aeleze haya kwa Kiswahili cha kawaida kabla msimu wa kupanda haujafika. Mimi ile kona iliyooza nimeshaamua, ni mahindi matupu.

Mkulima, Njoro, Nakuru