Barua kwa rafiki kuhusu simu ya binti yake

Morogoro,
Jumapili jioni.

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya, wewe pamoja na shemeji na watoto. Barua yako imenifikia, na iliyonigusa zaidi ni habari ya kumnyang'anya binti yako simu baada ya kugundua kwamba hukesha akiandika, kwa Kiingereza, hadithi za wahusika wa katuni za Kijapani. Nakuomba unisikilize kabla hujaifungia kabatini moja kwa moja.

Unajua watoto wetu wanavyofika sekondari: miaka saba wamesoma kwa Kiswahili, kisha ghafla Baiolojia, Historia na Jiografia zote ni kwa Kiingereza. Wakiandika insha, msomaji wao ni mimi peke yangu, mwenye rundo la madaftari na kalamu nyekundu. Mpwa wangu, ambaye huandika hadithi kama hizo kwenye Archive of Our Own, mtandao wa hadithi za mashabiki, ana wasomaji wanaotaka kujua kisa kitaishaje. Mwezi uliopita alinionyesha swali la mmoja wao: aliyefungua mlango ni kaka au ni dada? Alikuwa amechanganya "he" na "she" sura nzima, kosa tunalolijua sote, kwa kuwa "alifungua" yetu haibagui mwanamume na mwanamke. Nilikwisha kumsahihisha kosa hilo mara nyingi bila ya kumwingia. Safari hii alirudi mwanzo wa sura, akapitia sentensi moja baada ya nyingine akijiuliza kila "he" ni nani, kwa sababu hakutaka kisa chake kimpotee msomaji.

Mtafiti Rebecca Black aliwahi kumfuatilia msichana aliyehamia Kanada kutoka China akiwa na miaka 11, naye akamwita kwa jina la bandia, Nanako. Kwenye FanFiction.Net, mtandao mwingine wa hadithi kama hizo ulioanza mwaka 1998, msichana huyo aliwaeleza wasomaji kwamba Kiingereza ni lugha yake ya pili na kuwaomba wamvumilie. Wakamsahihisha kwa upole huku wakiisubiri sura inayofuata. Huko ipo pia desturi ya kumpa mwenzako kazi yako aipitie kabla hujaichapisha. Humwita "beta", naye hafanyi hivyo kwa malipo, bali kwa kuwapenda wahusika wale wale. Nani kati yetu alipata msaada wa namna hiyo alipokuwa kidato cha kwanza?

Usiku ni wa kulala, na hapo niko upande wako kabisa. Tena jina lake halisi na la shule yasionekane popote. Lakini mrudishie simu saa za jioni, umwombe, kama hataona haya, anitumie sura ya kwanza. Mpwa wangu yuko tayari kuwa beta wake. Mimi ningependa kuisoma tu, kalamu nyekundu nikiwa nimeiacha shuleni.

Nisalimie shemeji.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.