Kadi ya bima ina nafasi nne za watoto, na wa tano yuko njiani

Jambo mama mshauri,

Ninakuandikia kutoka Kampemba, hapa Lubumbashi. Bwana yangu anafanya kazi katika kampuni inayohudumia migodi ya shaba, na kampuni inatulipia bima ya matibabu: yeye, mimi na watoto wanne, basi. Nafasi hizo nne zimejaa. Tatu ni za watoto niliowazaa, ya nne ni ya binti wa marehemu kaka yake, ambaye tribunali ilitukabidhi tumlee. Na sasa nina mimba ya miezi saba.

Huyo binti ni SS, yaani ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliyewahi kulea mtoto wa hivyo hahitaji maelezo. Juni na Julai, baridi ikiingia, analala na sweta na soksi mbili mbili, na bado usiku anaamka ameshika mapaja, vidole vimevimba. Mwaka jana alilazwa akaongezewa damu. Bila kadi tungeuza hata friji. Mimi nitajifungua Julai hiyohiyo.

Biro ya wafanyakazi walimwambia bwana kwamba mtoto akizaliwa tuna siku 30 za kumwandikisha, tulete cheti cha kuzaliwa, ila mmoja wa wale wanne atoke. Siku hizo zikipita, tungoje Januari.

Bwana anaona heri kungoja. Eti mtoto mchanga ananyonya tu, chanjo ni za bure, ataugua nini? Hayo ni maneno ya mwanaume. Wa pili wetu alizaliwa kabla ya wakati, akawekwa kwenye kuvezi, mashine ya kuwapa joto watoto njiti, na ninajua bei yake. Kujifungua kwangu kuko kwenye kadi yangu, hata nikipasuliwa. Lakini kitovu kikishakatwa, mtoto ana faktire yake, bili ya peke yake.

Mama mkwe amesema mtoto wa marehemu hatoki. Hapo tuko pamoja, hata asingesema. Ila anataka tumtoe mwanangu wa kwanza, kwa kuwa ana miaka 16 na haugui. Haugui, kweli, lakini anacheza mpira kila jioni kwenye uwanja wa mawe, na mkono umeshavunjika mara moja.

Niliuliza pia kwenye mutueli moja ya afya, mfuko ambao watu wanachanga ili watibiwe. Wanataka nyumba nzima ijiandikishe, si mtu mmoja, maana kila mtu angeleta mgonjwa wake peke yake na mfuko ungekauka. Siwalaumu. Lakini unachanga miezi kadhaa kabla ya kuanza kutibiwa, na Julai haitungoji. Kuhusu mpango wa serikali wa kujifungua bure, ule ulioanzia Kinshasa mwaka 2023, senta ninapopimia mimba bado tunalipa.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki. Jirani yetu, mtu wa sendika, chama cha wafanyakazi, anasema Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri atibishe mfanyakazi, mke wake na watoto anaowalea, na kwamba hiyo namba nne ni mapatano ya kampuni na watu wa bima tu. Baba yangu alikuwa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Enzi zile posho ya unga ilifuata ukubwa wa jamaa, sikusikia mzazi akiambiwa apunguze mtoto. Nikimweleza bwana aandike barua kwa kampuni, ananyamaza. Mkataba wake unafanywa upya kila mwisho wa mwaka, na anaogopa kuonekana mtu wa matata.

Mama, nimsukume aandike sasa, kabla sijajifungua, au sendika iulize kwa niaba ya wafanyakazi wote bila kumtaja? Na kampuni ikikataa, kati ya kijana wangu na huyu wa tumboni, wewe ungemwacha nani nje mpaka Januari? Mama mkwe anakuja Jumapili na anataka jibu.

Mama wa watoto wanne, Kampemba